Miezi 15, kilo zaongezeka lakini mstari wa kitabu umelala. Wazazi wa Mombasa, hebu tusemezane

MamaSudi (Majengo), Jumapili, saa 3:40 usiku

Salaam alaikum, na hamjambo nyote. Uzi mrefu huu, mwenye chai yake aimimine kabisa.

Juzi nilikuwa napanga kabati nikakutana na kitabu cha kliniki cha mwanangu. Nikakaa kitandani nikakifungua penye ule ukurasa wa mistari, ambao kila nikienda sista huweka kitone cha kalamu na mie huuliza kilo ngapi, nikijibiwa narudi zangu. Kuzaliwa, kilo 3.2. Miezi sita, 7.8. Miezi tisa, siku ya sindano ya surua, 8.6. Vitone vimepanda kama ngazi. Baada ya hapo karatasi nyeupe. Miezi sita mizima sikutia mguu kliniki, maana nilijiambia sindano zimekwisha, iliyobaki ni ile ya miezi 18, sasa nikapange foleni ya nini?

Asubuhi yake nikambeba. 8.9.

Mwanzo nilifurahi, nikasema kaongeza. Sista hakusema kitu. Akaweka kitone, akachukua rula akavuta mstari kutoka ile 8.6 mpaka hapo, mstari ukalala kama mkeka. Akanigeuzia kitabu niuone mwenyewe. "Gramu mia tatu kwa miezi sita, mamangu. Mvulana wa katikati kwa muda huu huongeza kama kilo moja na gramu mia nne." Nikajifanya natafuta kanga kwenye mkoba.

Sasa nyumbani kila mtu na lake. Mtoto anatembea, anacheka, anavunja vitu. Mavyaa asema ukoo wao wote wembamba, nisimtie mwanawe ugonjwa kwa mdomo. Jirani ana wa mwaka mmoja mwenye kilo 11, na kila akija humwinua wangu juu juu kama anayechagua tikiti Marikiti: "Huyu mbona mwepesi?" Na kweli nikiangalia kitabu, kitone chenyewe hakijafika ule mstari wa hatari wa chini. Sasa nishtuke au nisishtuke?

---

Mkizi, saa 3:52 usiku

Dada, hizo chati zilipimwa watoto wa kizungu. Sisi Waswahili wana wetu wana umbo lao. Mpe dagaa, lala.

---

SistaWaNgambo (Likoni), saa 4:15 usiku

Mkizi, hilo nalisikia kila wiki, na halina ukweli. Chati zilizomo kitabuni zatoka Shirika la Afya Duniani, mwaka 2006. Walifuatwa watoto wapatao 8,500 wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Haya, Ghana na Omani ni kizungu gani? Mombasa hii nusu yetu tuna shangazi Maskati. Kilichoonekana ni kwamba mtoto akinyonya vizuri, akala, akachanjwa, na mama asivute sigara, miaka mitano ya mwanzo hukua karibu sawa na mwenzake po pote alipo. Urefu wa ukoo utakuja kujionyesha mbele huko.

Sasa MamaSudi. Mie nauguza watoto miaka kadhaa, nikwambie ninavyotazama mwenyewe. Kitone kimoja hakiniambii mengi. Wako watoto wadogo ambao tangu wiki ya sita wako mstari wa chini na wanaufuata huo huo kama treni na reli, hao siwasumbui. Wako wanene ambao nawaita warudi. Kinachonishtua ni mtoto kuuhama mstari wake. Mwanao miezi tisa alikuwa karibu na mstari wa katikati, chini yake kidogo. Leo kwa 8.9 kashuka hata mstari wa kwanza wa chini kaupita. Kwenye hatari hajafika, sawa, lakini aelekea huko. Ukingoja afike ndipo ushtuke, utakuwa umechelewa miezi mingine.

Kwa hiyo jibu langu: shtuka kidogo. Usilie, fanya kazi.

Na nikuulize: urefu wake alipimwa lini? Na anakula nini, kwa sahani ya nani?

---

MamaSudi, saa 4:31 usiku

Urefu? Naona mara moja tu, siku ya kuzaliwa. Kilichobaki ni mzani mzani mzani.

Chakula: asubuhi chai ya maziwa na hamri. Mchana wali na mchuzi wa samaki au maharagwe. Usiku uji. Maziwa yangu bado anyonya, zaidi usiku. Kwa sahani ya nani ndio sijafahamu. Twala sinia moja, kama watu.

---

SistaWaNgambo, saa 4:44 usiku

Na kwenye sinia yuko nani mwingine?

---

MamaSudi, saa 4:46 usiku

Dadake wa miaka minne. 😅 Subhanallah. Nishafahamu.

---

Kadzo_wa_Rabai, Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimecheka ya sinia, kisha nikanyamaza.

Niwape ya kwetu. Kitinda mimba wa dadangu alipoanza kukonda, neno la kwanza lililotoka kinywani mwa wazee lilikuwa chirwa. Kwa wasiotoka huku: kwa Wamijikenda, mtoto akidhoofu husemwa baba au mama katoka nje ya ndoa. Sasa fikiria wewe ni mama, mtoto akonda, na ukimpeleka hospitali ni kama umekubali mbele ya kijiji kwamba una jambo. Dadangu alikaa wiki tatu ndani kwa aibu. Mganga, dawa ya kuoshea, kuku mweupe. Mtoto akavimba miguu, watu wakasema ahaa, anenepa sasa.

Alipofika hospitali, sista hakumweka hata kwenye mzani kwanza. Alimbonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, akahesabu taratibu, akaachia. Mashimo yakabaki. Pale nikajua mzani nao hudanganya: maji yakijaa mwilini, kilo hupanda huku mtoto anakwisha. Alilazwa, akapewa maziwa maalum kidogo kidogo mchana na usiku, akapona. Leo ni mtundu hasa.

Sisemi mila ni mbaya, nami nimelelewa nazo. Lakini Kilifi yetu, kwa uchunguzi wa kitaifa wa 2022, watoto 37 kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kimo hakifiki umri wao. Kenya nzima ni 18. Hao wote wazazi wao wametoka nje ya ndoa?

---

Bakari_Mzee, saa 1:05 asubuhi

Bibi yangu Mji wa Kale hakuwa na chati. Mtoto akizaliwa amfunga uzi mweusi kiunoni. Kila Ijumaa akimwogesha aingiza kidole: uzi ukibana, alhamdulillahi, aufungua aufunga upya. Ukilegea, nyumba nzima yaulizwa mtoto amekula nini. Watu wakidhani ni wa kijicho. Labda ulikuwa wa yote mawili.

---

SistaWaNgambo, saa 1:30 asubuhi

Mzee wangu, bibi alikuwa muuguzi. Sisi siku hizi twafanya hivyo hivyo, ila kwa ule utepe wa rangi tatu wa kupima mkono, kuanzia miezi sita mpaka miaka mitano. Huzungushwa mkono wa juu wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani. Chini ya hapo ni manjano, na chini ya 11.5 ni nyekundu, hapo hatuzungumzi, ni matibabu. Kuna mama wanaofundishwa kupima nyumbani wenyewe na wanaweza vizuri tu. Kadzo, pole ya dadako, na umesema kweli kuhusu miguu.

---

BabaPacha (Mikindani), saa 2:10 asubuhi

Naomba nami niingie, ingawa naona baba niko peke yangu humu.

Wangu walizaliwa wiki ya 33, wawili, mmoja 1.8 mwingine 1.6. Miezi minne kila mtu akiuliza mbona shingo bado laini, mbona hawashiki kitu. Mke wangu akawa hataki tena kwenda hata arusini. Mpaka tukapata daktari mmoja akatufanyia hesabu nyuma ya karatasi ya dawa: 40 toa 33, saba. "Hawa wako waliwahi wiki saba. Umri wao wa kupimia, toa wiki saba kila mara, mpaka wafike miaka miwili." Basi kumbe wa miezi minne alikuwa kama wa miezi miwili na nusu. Vitone vikahamishwa, mara watoto wakawa kwenye mstari! Hakuna dawa waliyopewa, ni hesabu tu.

Ila kwenye chanjo hizo wiki saba hazipunguzwi. Sindano hufuata siku aliyozaliwa hasa: wiki 6, 10, 14, vile vile kama wengine. Sisi tulichanganya, tukachelewa ile ya wiki ya sita, tukasemwa.

Na wababa, kwenda kliniki si aibu. Mara ya kwanza nilikuwa mwanamume peke yangu kwenye benchi, mama mmoja akanishikisha mtoto wake akaenda chooni. Nikawa na watatu.

---

Chausiku_M, saa 2:48 asubuhi

😂😂 watatu

---

MamaSudi, saa 5:15 mchana

Nimerudi. Jamani nimesoma kila neno. BabaPacha umenikumbusha kitu. Nimefungua kurasa zote za kitabu, nikakuta kitone cha miezi minne kiko pekee yake kwenye ukurasa wa WASICHANA. Kituo sikitaji, foleni ilikuwa imefika barabarani na sista alikuwa mmoja. Siku hiyo niliambiwa mtoto yuko juu sana, mashallah, nikatembea kifua mbele mpaka nyumbani. Kumbe alilinganishwa na wasichana, ambao huwa wepesi kuliko wavulana.

Na alipimwa na suruali ya jinzi, nepi na koti la baridi. Baridi ya Mombasa!

---

SistaWaNgambo, saa 7:20 mchana

Hahaa, koti la baridi hilo tunalijua. Mama akivalishwa mtoto na nyanya hathubutu kulivua.

Basi wote mnaosoma: mtoto avuliwe. Nepi iliyojaa ina gramu mia mbili na zaidi, yaani yaweza kuficha miezi ya kutokua. Bangili za fedha, hirizi nzito, vyote kando kwa dakika moja, mtarudishiwa. Mzani wa kuning'inia utazame kabla mtoto hajaingia kwenye ile suruali yake: mshale uko sifuri? Kama hauko, mwambie sista, kwa adabu. Hatukasiriki (tukikasirika, tuna njaa).

Urefu ndio unaosahaulika, kwa sababu una kazi. Chini ya miaka miwili mtoto hulazwa juu ya ubao, mtu mmoja ashika kichwa kiguse mbao ya juu, mwingine anyoosha magoti asukume ile ya miguuni. Mtoto hulia kama anachinjwa. Baada ya miaka miwili husimama. Ukimpima mtoto huyo huyo amelala, atazidi kwa kama sentimita 0.7, kwa hivyo msishangae akionekana kafupika. Mwaka wa kwanza huenda kutoka kama sentimita 50 hadi 75 hivi. Na kichwa pia huzungushiwa utepe. Mama, ukienda omba vyote vitatu. Ni haki yake huyo mtoto.

---

BintiKuze, saa 10:05 jioni

Nyote mwazungumza kilo. Wangu ana kilo za kutosha, mkono wake kama andazi, lakini hasemi.

Miaka miwili na mwezi mmoja. Maneno matano: mama, baba, maji, paka, na "toka". Mavyaa asema babake naye alinena na miaka minne, na sasa hanyamazi. Shangazi asema ulimi umefungwa chini, ukakatwe. Rafiki asema ni kwa sababu nyumbani twasema Kiswahili na Kiarabu, nikaache kimoja. Kliniki hakuna aliyewahi kuniuliza anasema nini, waliuliza uzito.

---

SistaWaNgambo, saa 2:40 usiku

Samahani dadangu, lawama hiyo ni yetu. Kwenye kitabu kuna ukurasa wa hatua za mtoto, na mara nyingi haujazwi.

Kwa kitabu hicho: kucheka na mtu wiki 4 hadi 6. Kugeukia sauti miezi 2 hadi 3. Kukaa 5 hadi 9, kutembea 12 hadi 18, kusema 9 hadi 24. Mtaona kila kimoja ni nafasi, si siku. Wale wa Shirika la Afya walipohesabu, kutembea peke yake kulianza kati ya miezi 8.2 na 17.6, na watoto kama wanne kwa kila mia hawakutambaa kabisa, walisota kwa makalio au waliinuka tu wakaenda. Kwa hivyo jirani akikwambia wake alitembea miezi tisa, mpongeze, endelea na mboga zako.

Lakini mwisho wa nafasi ukipita, hatungoji. Lugha mbili hazimzuii mtoto kusema, msimnyime Kiarabu chake. Ulimi nao usikatwe na mtu yeyote kabla masikio hayajapimwa. Hebu niambie, sikio liliwahi kutoa usaha? Na ukimwita uko nyuma yake, hakuoni, ageuka?

---

BintiKuze, saa 3:02 usiku

Usaha ndio, mara tatu mwaka jana. Kugeuka… tivii ikizimwa hugeuka, mara nyingine. Nimejaribu sasa hivi kwa funguo, nimesimama nyuma ya mlango. Mara ya kwanza hakugeuka. Nikagonga sufuria, akageuka.

---

SistaWaNgambo, saa 3:06 usiku

Wiki hii, kliniki ya masikio. Na tivii iwe kitu cha mara moja moja tu. Chini ya miaka miwili haifai, miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Katuni haimjibu mtoto.

---

Chausiku_M, saa 3:30 usiku

Na woka je? Wangu ana miezi minane, babake katuma pesa ninunue ile ya magurudumu awahi kutembea.

---

BabaPacha, saa 3:41 usiku

Usinunue. Pacha mmoja alishuka nayo ngazi mbili, jino la mwanzo likaenda na meno hayakuwa mengi. Kanada waliipiga marufuku kuuzwa tangu 2004. Tandika mkeka, mweke ukuta wa kushikilia. Pesa nunua samaki.

---

Kadzo_wa_Rabai, Jumanne, saa 12:40 asubuhi

MamaSudi, turudi kwa wako. Ile chai ya asubuhi ndiyo naikodolea macho. Chai huzuia damu kupata madini ya chuma ya kwenye chakula, na hamri lajaza tumbo. Wangu alikuwa hivyo hivyo, kapimwa damu ikawa chini. Na uji wa usiku, ukiinamisha kijiko wamwagika au washikilia?

---

MamaSudi, saa 1:15 asubuhi

Wamwagika. Huunywa kwa kikombe.

---

Kadzo_wa_Rabai, saa 1:18 asubuhi

Hayo ni maji yenye jina la uji.

---

MamaSudi, wiki tano baadaye, Jumatano, saa 4:10 usiku

Nimerudi, maana nyuzi za humu huwa hazina mwisho, mtu hujua swali asijue jibu.

Nilichofanya si kikubwa. Chai nimeiondoa, kilio siku tatu kisha kasahau. Uji wa wimbi nausonga mpaka ukae kwenye kijiko, natia njugu zilizosagwa au tui la nazi. Wali naufinya na dagaa au mbaazi, na mchicha, kijiko cha mafuta juu. Milo mitatu, minne, na katikati embe au ndizi au yai. Nanyonyesha bado, inshallah mpaka miaka miwili. Na bakuli lake peke yake, la bluu, la plastiki, nimelinunua Kongowea shilingi 50. Siku ya kwanza kulitumia ndio niliona kwa macho yangu: aliacha nusu, akatazama sinia ya dadake. Yaani miezi yote hiyo sikujua anakula kiasi gani.

Kliniki nimeenda jana. Nikamvua nguo zote, hata uzi wa kiunoni (Mzee Bakari usinikasirikie). Mshale ulikuwa sifuri, nilitazama. Kilo 9.4. Sista akavuta mstari kwa rula ile ile na mara hii ukapanda. Nikaomba urefu, wakanitazama, wakamtafuta mwenzao wa pili, ubao ukatolewa nyuma ya kabati una vumbi. Sentimita 77.2. Mkono 13.8, kijani. Damu imepungua kidogo, kapewa dawa ya matone ya madini, choo kinakuwa cheusi, niliambiwa nisishtuke. Na ile tembe nyekundu ya vitamini A aliyoikosa alipofika mwaka, wakaikata ncha wakamkamulia mdomoni. Mara kila miezi sita, nilikuwa sijui. Dadake naye ana deni lake.

Mavyaa alikuja nami. Hakusema neno mpaka kwenye tuktuk, akauliza, "Na ile rula, wauza wapi?"

---

BintiKuze, saa 4:35 usiku

Mashallah. Wangu walimkuta na maji nyuma ya ngoma za masikio, yote mawili. Kapewa dawa, twarudi baada ya miezi mitatu kuona kama yatakauka au watafanya kitu. Maneno yamekuwa tisa. La tisa ni "nini", na halinyamazi.

---

SistaWaNgambo, saa 4:50 usiku

Nimefurahi sana nyote. BintiKuze usiikose hiyo tarehe hata kama atakuwa anasema hotuba. MamaSudi, urudi mwezi ujao, na ule mwingine. Novemba kuna wiki za Malezi Bora, mlete na dada yake wa sinia, vitamini na dawa ya minyoo.

---

MamaSudi, saa 4:58 usiku

Dadake sasa ataka bakuli lake. La pinki.